Salale: Pale Mkuwaiti Alipokuja Kwetu Kutafuta Riziki

Siku hizi tukisikia mtu kaenda kutafuta maisha nchi za watu, akili zetu zinakimbilia majuu moja kwa moja. Kubeba boksi London, kuhudumia wazee Marekani, au dada zetu kwenda kufanya kazi za ndani Maskati na Kuwait. Mgeni ni sisi, mwajiri ni wao. Tumezoea hivyo mpaka tunadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa. Leo naomba niwapeleke Salale, ndani kabisa ya delta ya Rufiji, mahali ambapo miaka themanini na ushee iliyopita aliyekuwa anakanyaga matope kutafuta chochote cha kupeleka kwa watoto alikuwa ni baharia wa Kuwait.

Ndiyo, Kuwait. Hao hao.

Kwa wasiopajua: ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa unapita Mkuranga, unaingia Wilaya ya Kibiti, kisha unakata kushoto kwenda Nyamisati, pale wanapopandia boti watu wa Mafia. Kutoka hapo barabara haina kazi tena, ni mtumbwi au boti na kusubiri maji yajae. Mto Rufiji ukikaribia bahari unagawanyika kuwa mikono mingi, na katikati ya mikono hiyo kuna visiwa vya tope vilivyojaa mikoko, zaidi ya hekta 50,000. Hakuna mahali pengine pwani yote ya Afrika Mashariki penye mikoko mingi kiasi hicho kwa pamoja. Salale iko humo. Zamani tulikuwa tunaiandika Wilaya ya Rufiji, sasa ni Wilaya ya Kibiti.

Mikoko siyo mti mmoja, wenyeji watakucheka ukisema hivyo. Kuna mkoko wenyewe, mkandaa, muia, mchu, mkomafi, mlilana na mingine. Na ukishakata, kila unene una jina lake na bei yake: fito, pau, boriti, nguzo. Zinahesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Ukiangalia dari za nyumba kongwe za Lamu au Unguja utaona boriti zimepangwa juu ya vichwa vya watu, na sababu ya vyumba vile kuwa vyembamba na virefu ni hiyo hiyo: urefu wa boriti ndio uliomwambia fundi ukuta wa pili aujenge wapi. Nyumba za zamani za Ghuba ni hivyo hivyo. Kule hakuna msitu. Jangwa halioti nguzo. Kwa hiyo kwa miaka mingi sana majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na abiria, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Sehemu ya mji wa Kuwait ya zamani ililalia miti ya Rufiji.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Desemba 1938 baharia na mwandishi mmoja wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait lililoitwa Bayan akiwa Aden. Nahodha wake alikuwa Ali bin Nasr al-Nejdi. Jahazi lile lilipita pwani ya Hadhramaut, Somalia, Lamu, Mombasa na Unguja, na mwanzoni mwa 1939 likaingia delta ya Rufiji kuchukua boriti. Villiers aliandika kitabu kuhusu safari ile, kikatoka 1940, na niseme wazi kwamba hakuisifu delta yetu hata kidogo. Mvua, mbu, matope, joto. Wale mabaharia wa Kuwait hawakukaa juu ya sitaha wakivuta tumbaku wakati Waswahili wanafanya kazi. Waliingia wenyewe kwenye tope la mikoko, wakatoa miti, wakaipakia, siku baada ya siku, kwa wiki kadhaa.

Na hawakuwa na mshahara.

Hapo ndipo niliposimama nikasoma mara mbili. Baharia wa Kuwait wa zama zile hakulipwa kwa mwezi. Alikuwa na fungu. Safari ikiisha, mapato yanahesabiwa, gharama za chakula na za chombo zinatolewa, kilichobaki kinagawanywa: upande mmoja wa chombo na mwenye chombo, upande mwingine wa wafanyakazi, na nahodha na wakubwa wengine wanachukua mafungu zaidi ya moja. Baharia wa kawaida anapata fungu moja. Kabla ya kuondoka nyumbani alikuwa ameshachukua fedha za kumwachia mkewe na watoto, na fedha hizo ni deni. Fungu lake likiwa dogo kuliko deni, basi msimu ujao anarudi kwenye jahazi lile lile, siyo kwa sababu analipenda. Nahodha naye alikuwa anadaiwa na mfanyabiashara wa mjini. Kwa hiyo ukiangalia vizuri, aliyekuwa ndani ya tope la Salale ameinamia boriti alikuwa amefungwa kamba ndefu iliyoanzia dukani kwa tajiri, Kuwait, na mwenye kushika daftari la hesabu hakuwa yeye.

Tena ndani ya jahazi lile hawakuwamo mabaharia peke yao. Lilijaa abiria kutoka pwani ya Hadhramaut, watu zaidi ya mia moja wakilala juu ya mizigo, wengi wakija Afrika kwa sababu kwao kulikuwa na ukame na dhiki. Hawa ndio ambao bibi zetu waliwaita Washihiri. Walishuka miji ya pwani bila karatasi ya maana, wakamtafuta mtu wa ukoo wao aliyetangulia, wakaanza chini kabisa: uhamali, kuuza kahawa kwa birika barabarani, kulala dukani kwa ndugu na kulilinda usiku. Mtu anayekupokea ndiye anayekutafutia kazi, na ndiye anayekueleza kazi ni nini. Vijana wetu walioko majuu watasema mbona hiyo ndiyo habari yao. Ndiyo, ni hiyo hiyo, isipokuwa hapa mwenyeji tulikuwa sisi.

Lakini tusijidanganye kwamba mtu wa delta alikuwa bwana kwenye msitu wake. Mwaka 1939 hakuwa bwana tena, na hapa inabidi turudi nyuma miaka arobaini.

Mwaka 1898 Wajerumani walitangaza kwamba mikoko ya delta ya Rufiji ni hifadhi ya dola, ikiwa miongoni mwa hifadhi za misitu za mwanzo kabisa katika nchi hii. Salale ikawa kituo cha misitu. Kuanzia hapo mti ulioota nyuma ya nyumba yako ukawa na mwenyewe, na mwenyewe yuko ofisini. Ukitaka kukata, lipa. Magome ya mikoko yalitafutwa Ulaya kwa kutengenezea ngozi, miti ilitafutwa Uarabuni, na serikali ilitaka sehemu yake kwa kila korja.

Na angalia miaka inavyokaa. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa 1897 na ukusanyaji ukaanza 1898. Rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Kwa hiyo katika mwaka mmoja, mtu wa delta aliambiwa mambo mawili: unadaiwa fedha, na kile kitu ambacho ungeuza ili upate fedha siyo chako. Mimi naona hapa ndipo mtu anapoweza kuwa mgeni bila kuhama. Hukupanda meli, hukuvuka mpaka, umelala kwenye kitanda chako cha kamba, na asubuhi unaamka kwenye nchi yenye sheria ambazo hujafundishwa. Nchi ndiyo imehama ikakufuata.

Katika nchi hiyo mpya kulikuwa na maneno mapya ya kazi, na kila neno lilikuwa na mtego wake. Nimekuwa nikiyakusanya maneno haya kwa muda, maana naamini ukitaka kujua mtu aliajiriwaje, tazama aliitwa nani.

Kibarua. Tunalitumia kila siku, "nimepata kibarua", kama kitu kidogo cha heri. Asili yake ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu kuonyesha kafanya kazi ya siku. Katika miji kama Unguja na Mombasa karne ya 19, vibarua wengi walikuwa watumwa walioruhusiwa na mabwana zao kwenda kufanya kazi kwa ujira, kisha jioni wanarudi na kumkatia bwana sehemu yake. Kwa hiyo neno letu la kazi ya kutwa limezaliwa katikati ya utumwa na mshahara, mguu mmoja huku na mmoja kule. Sijui kama tunalikumbuka tunapolitamka.

Kipande. Hiki ndicho kilichowatesa wageni kuliko vyote. Kwenye mashamba ya wazungu, hasa kule Usambara ambako watu wa bara walikuwa wakienda kwa makundi, mfanyakazi alipewa kadi yenye nafasi 30. Mtu anayetoka kijijini, anayehesabu kwa mwezi unaoandama, aliposikia siku 30 alielewa mwezi mmoja. Akajiambia mwezi ukiandama tena nitalipwa. Kumbe siyo siku 30 za kalenda, ni siku 30 za kazi zilizotiwa alama. Umeumwa, hakuna alama. Jumapili, hakuna alama. Umefanya kazi tangu alfajiri lakini msimamizi anasema hukumaliza sehemu yako, hakuna alama. Mwezi unaandama, unaandama wa pili, na kadi haijajaa. Wasimamizi waliandika kwamba Waafrika hawajui hesabu na ni wavivu. Mimi nasema walijua hesabu vizuri sana, tatizo ni kwamba hesabu zilikuwa mbili na waliambiwa moja.

Wanyamwezi waliotoka mbali walifunga mikataba mirefu zaidi, ya siku 180 za namna hiyo hiyo. Hebu piga mwenyewe uone siku 180 zenye alama zinachukua muda gani.

Manamba lilikuja kushamiri baadaye, kwenye mkonge. Mtu anapewa namba, jina linabaki nyumbani. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi, ikaitwa SILABU, na malori yake yaliwabeba watu kutoka pembe zote. Wengi walitoka hata nje ya Tanganyika, wakiwemo Wamakonde waliovuka Ruvuma kukimbia kazi za shuruti za Wareno. Walikuwa wageni kabisa wa nchi, na walichagua kazi ambayo wenyeji wengi waliikwepa. Hili nalo silo geni kwa anayebeba boksi.

Kitu kimoja kilichowasaidia wageni hawa ambacho hakikuwamo kwenye sheria yoyote ni utani. Tunauchukulia kama mchezo wa kuchekeshana msibani, lakini kwenye njia za misafara na baadaye mashambani na mjini utani ulikuwa kama bima. Mnyamwezi akifika pwani hana ndugu, ana mtani. Mtani atamcheka, atamnyang'anya kofia, lakini akifa atamzika. Kwa mtu anayekwenda kutafuta kazi mahali asipojulikana, kujua nani atakuzika ni jambo kubwa kuliko kujua utalipwa ngapi.

Nirudi Salale, maana kuna habari moja siwezi kuiacha. Wapenzi wa vita wanaijua delta kwa sababu ya meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg. Septemba 1914 ilikuwa imejificha Rufiji, ikatoka, tarehe 20 ikaizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikarudi kujificha kwenye mikoko maeneo haya haya ya Salale. Waingereza walihangaika nayo mpaka Julai 11, 1915, walipoivunja kwa meli mbili za kwenda kwenye maji mafupi, Severn na Mersey. Vitabu vingi vimeandikwa kuhusu nahodha wake Max Looff na ujanja wake. Sawa. Lakini ile meli ilikuwa na mitambo mibovu, na mitambo ile ilitengenezwa Dar es Salaam. Ilifikaje Dar es Salaam wakati bahari inalindwa na adui? Ilikokotwa kwa nchi kavu, vyuma vizito juu ya magogo, zaidi ya kilomita 100 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na waliokokota walikuwa watu wa huku. Baada ya meli kuzama, mizinga yake 10 nayo ikaopolewa na kukokotwa vilevile. Jina la Looff limebaki. Ya wale waliovuta kamba hayakubaki, na ujira wao, kama waliupata, haukuwa jambo la kuandikiwa kitabu.

Upande wa pili Waingereza walikusanya wapagazi wao wa vita, na kambi yao Dar es Salaam ndiyo iliyotuachia jina Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Wengi wao hawakufika kwenye dirisha la malipo. Tunapokwenda Kariakoo kununua vitambaa na simu tunatembea juu ya orodha ya mishahara ambayo haikulipwa yote.

Waingereza walipokabidhiwa nchi walileta mwaka 1923 sheria ya mabwana na watumishi, na ndani yake kuvunja mkataba wa kazi lilikuwa kosa la jinai. Yaani ukiondoka shambani kabla ya muda hukosani na mwajiri tu, unakosana na polisi. Vijana wa Rufiji wengi waliona afadhali mjini. Wandengereko na Warufiji walijaa Dar es Salaam, wengine wakaingia bandarini kama vibarua wa kutwa, na kule kibarua alijifunza kitu ambacho manamba hakuweza: meli haiwezi kusubiri. Vibarua wa bandari waligoma 1939, wakagoma tena 1943, na mgomo wa 1947 ukasambaa mpaka nje ya Dar es Salaam. Kumbuka 1939 ni mwaka ule ule ambao mabaharia wa Bayan walikuwa matopeni Rufiji na fungu lao. Sina haja ya kusema nani kati ya wawili hao alikuwa ameielewa ajira vizuri zaidi.

Halafu dunia ikapinduka. Mwaka 1946 Kuwait ilianza kusafirisha mafuta. Baharia aliyekuwa akidaiwa na nahodha akapata kazi yenye mshahara wa mwezi nyumbani kwake, na nyumba za boriti zikaanza kubomolewa kupisha saruji na nondo. Majahazi yakapungua mwaka hadi mwaka. Huku kwetu serikali ilikuja kubana ukataji na usafirishaji wa mikoko, na Salale ikabaki na mpunga, uvuvi na kamba. Kamba nao nusura walete ajira ya namna nyingine: mwaka 1997 serikali iliridhia mradi mkubwa wa kufuga kamba deltani wa African Fishing Company, ulioahidi maelfu ya kazi, ingawa baraza la mazingira la serikali yenyewe, NEMC, lilishauri usikubaliwe. Wanavijiji wa delta walikwenda mahakamani, na mabwawa yale hayakuchimbwa. Wapo waliowaita wajinga wanaokataa maendeleo. Mimi nawaona kama watu ambao babu zao walishawahi kuambiwa kwamba msitu sasa una ofisi.

Leo safari inakwenda upande wa pili. Binti wa Kibiti, wa Tanga, wa Pemba, anapanda ndege kwenda Maskati au Kuwait, akipokelewa na utaratibu unaoitwa kafala, ambapo kibali chako cha kuishi kinamtegemea mwajiri wako. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu. Wanawake walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi bila siku ya kupumzika, na jambo moja ambalo baharia wa Bayan angelitambua hapo hapo: anayetaka kuondoka kabla ya muda anaambiwa arudishe kwanza gharama za kumleta. Tiketi, wakala, viza. Fedha ambazo hakuzishika kwa mkono wake zimekuwa deni lake.

Sheria zimeanza kusogea. Kuwait ilipitisha mwaka 2015 sheria namba 68 ya wafanyakazi wa ndani, inayotaka saa za kazi zisizidi 12 kwa siku, siku moja ya mapumziko kwa wiki, na likizo ya mwaka yenye malipo. Oman, kuanzia Januari 2021, iliondoa sharti la kupata ruhusa ya mwajiri wa zamani ili uhamie kwa mwingine, lakini hapo ni pale mkataba unapokuwa umekwisha. Ndani ya mkataba hali ni nyingine. Na mkataba unaweza kuandikwa kwa Kiarabu, ukasainiwa na mtu ambaye Kiarabu chake ni cha msahafuni. Kwa hiyo kama una dada anayesubiri viza, kaa naye chini mapema, mtafute anayekijua Kiarabu cha ofisini, na mpite kifungu kwa kifungu: nani analipa tiketi ya kurudi, mwezi unahesabiwaje, na pasipoti inakaa kwa nani.